Samaki wa Mtera Ambao Hawakutoka Mtera

Jioni ile mama muuza samaki alikuwa amekaa pembeni ya lami, beseni la bluu mbele yake. Perege aliwapanga mafungu ya watano watano juu ya kipande cha kiroba, na kando yao kambale watatu wa moshi, wamekunjwa duara mkia mdomoni. Nikamsalimia, tukaulizana habari za mvua, kisha nikamuuliza samaki wametoka wapi.

"Mtera hao, kaka. Wameingia na basi la mchana."

Nikamwinua perege mmoja, nikafunua shavu. Ndani mlikuwa na tope la kijivu linalonata, lina harufu ya mfereji. Tope hilo nilikuwa nalo kwenye soli za viatu tangu asubuhi, kwa sababu asubuhi nilikuwa bwawani, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka pale alipokaa. Siku tatu kabla, kipaza sauti cha kata kilikuwa kimepita mtaa kwa mtaa kikitangaza kwamba ni marufuku kula samaki wa bwawa lile.

Basi tangazo lilikuwa limefanya kazi, kwa namna yake. Samaki wa bwawa letu hawakuwepo tena sokoni. Wote walikuwa wamehamia Mtera.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliokaa mezani kuandika maneno ya tangazo lile. Bwawa sitalitaja, wala mtaa. Kuna familia pale zinaishi kwa nyavu mbili na mtumbwi mmoja, na jina likishasemwa vibaya mtandaoni halifutiki hata maji yakibadilika. Inatosha kujua kwamba liko nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Si kubwa kama Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, wala haligusi hata ukucha wa Mtera, bwawa la miaka ya 1970 kwenye Ruaha Mkuu, lililojengwa ili kuutunzia maji mtambo wa umeme wa Kidatu. Letu ni lambo lililokua: lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe na bustani, watu wakatia vifaranga vya perege, kambale wakaja wenyewe. Maji yake yanashuka na korongo linalopita nyuma ya nyumba mpya, gereji kadhaa, na machinjio madogo ambayo karo lake lilijaa siku nyingi.

Anayetoka mikoa ya mvua mbili inabidi aelezwe jambo moja kuhusu Dodoma. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Maji yanayoingia Machi ndiyo hayohayo yanayobaki Oktoba, jua na upepo vikiyapunguza kila siku. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Choo, dawa za bustani, oili, damu ya machinjio, vyote vinabaki chini na kuzidi ukali. Kufikia Novemba bwawa ni dimbwi la kijani zito, ukitia mkono kiganja hukioni.

Ndivyo lilivyokuwa usiku iliponyesha mvua ya kwanza, ile ndogo ya kudanganya wakulima. Ilitosha kulisafisha korongo na kusukuma miezi saba ya uchafu ndani ya bwawa kwa saa moja. Alfajiri watoto waliokwenda kuchota maji ya bustani walikuta perege wamejaa ukingoni, weupe wa matumbo juu. Wengine walikuwa bado hai, midomo wazi, wanahema hewa kama watu waliotoka mbio. Hadi saa mbili asubuhi kila ndoo ya mtaa ilikuwa imejaa. Neema gani hiyo ya kuokota samaki bila wavu?

Siku mbili baadaye zahanati ikapokea watoto kadhaa wanaoharisha. Hapo maneno yakaanza. Wa kwanza alisema kuna mtu kamwaga sumu. Wa pili akasema ni zebaki, imeletwa na vijana waliorudi kutoka machimboni. Wa tatu, na huyu ndiye aliyesikilizwa zaidi, alisema bwawa limechoka na linadai.

Tukaitwa: mtendaji wa kata, bwana afya, bwana samaki kutoka halmashauri, mimi kutoka mradi mdogo wa lishe, na mwenyekiti wa mtaa ambaye mke wake alikuwa na ndoo mbili nzima za samaki nyumbani, jambo alilotuambia wiki moja baadaye. Tukaandika: wananchi wote mnatangaziwa kwamba samaki wa bwawa hili hawafai kwa matumizi ya binadamu hadi mtakapotangaziwa vinginevyo.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile. Kila neno lake ni la kiofisi na halina mtu ndani. Haisemi kwa nini, kwa hiyo kila mmoja aliijazia sababu yake. Haisemi nani yuko hatarini zaidi, kwa hiyo mwanamume mwenye afya alikula, hakuumwa, akawaambia wenzake kwamba serikali inatutisha. Kibaya zaidi ni yale maneno ya mwisho, "hadi mtakapotangaziwa vinginevyo". Hakuna mvuvi anayeweza kuweka deni la dukani hadi vinginevyo. Katazo lisilo na siku ya kuisha, watu hulimaliza wenyewe siku wanayoona njaa.

Nilipofunua lile shavu la perege pale barabarani nilielewa jambo jingine tena. Tulikuwa tumezungumza na bwawa. Kipaza sauti kilianzia mwaloni, kikawatafuta wavuvi. Lakini mvuvi hali samaki wote wale. Anayeamua kipi kinaingia sufuriani, kipi kinatupwa, kipi anapewa mtoto na kipi baba, ni mtu mwenye kisu jikoni, na huyo hatukuwa tumemwambia chochote zaidi ya "marufuku". Mama wa beseni la bluu hakuwa tapeli. Alikuwa ameshanunua mali kwa pesa ya kikoba, tukamkuta katikati.

Kesho yake nilirudi bwawani na bwana samaki. Pale tulimkuta mzee mmoja, mzaliwa wa visiwani huko Ziwa Victoria, aliyehamia Dodoma zamani na ambaye hutengeneza nyavu za wenzake kuliko anavyovua. Nikamwamkia, nikamuuliza anaonaje, ni sumu au si sumu? Hakujibu. Aliuliza yeye: "Mmemtazama kambale?"

Hatukuwa tumemtazama. Mzee akatueleza kwamba mwaka 1999, yuko bado ziwani, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanavua kwa kumwaga dawa ya wadudu majini. Viwanda vilikosa soko, sangara wakakosa wa kuwanunua, na waliovua kwa halali wakalipa pamoja na wenye sumu. Anakumbuka sura ya maji yaliyotiwa dawa. "Sumu haichagui," alisema. "Inaua perege, inaua kambale, inaua hadi vidudu vya kwenye majani. Lakini hewa ikikosekana, kambale utamkuta anakutazama."

Hii si hadithi ya wazee tu, ina maelezo yake. Ule ukijani wa maji ni mimea midogo mno. Mchana, penye jua, hutoa oksijeni. Usiku hugeuka, nayo inavuta oksijeni kama viumbe wengine. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Ongeza hapo uchafu mbichi wa korongo, ambao bakteria wanaouozesha nao wanahitaji hewa, na saa mbaya kuliko zote inakuwa kabla ya jua kuchomoza. Perege anategemea mashavu peke yake, kwa hiyo anakufa. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Ndiyo maana unaweza kumbeba kambale kwenye gunia bichi kutoka bwawani hadi mjini akafika anajipindapinda.

Tukavua viatu. Bwana samaki aliingia hadi magotini, akapapasa chini ya mizizi ya matete, akatoka na kambale mweusi mwenye hasira. Wa pili hivyohivyo. Tuliwatafuta kambale waliokufa ukingoni, hatukupata hata mmoja kati ya mamia ya perege. Si ushahidi wa mahakamani, na sampuli zilikuwa zimeshapelekwa maabara. Ila majibu ya maabara yalikuwa na wiki zake za kusubiri, na watu walikuwa wanakula siku hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kumwambia mtu ambacho angeweza kukiona kwa macho yake mwenyewe.

Lakini kama si sumu, watoto waliharishwa na nini? Hapa bwana afya alifanya kazi ambayo ingepaswa kufanyika kabla ya kipaza sauti. Alizunguka kaya za wale watoto, moja moja, akiomba aonyeshwe samaki walivyoandaliwa. Nilifuatana naye kwenye mbili. Katika ile ya pili, mama alitutolea ubao wake mdogo, kisu, na ndoo. Akaeleza bila kuficha: samaki alikuja nao kwenye ndoo yenye maji ya bwawani, ili wasikauke. Akawaparua magamba, akatoa matumbo, akawasuuza kwa maji yaleyale kwa sababu dumu la maji safi ni la kununua. Akawakaanga vizuri sana, wakavu. Kisha, kwa kisu kilekile na ubao uleule, akakata nyanya na vitunguu vya kachumbari.

Bwana afya akanitazama. Mafuta ya moto yalikuwa yameua kila kidudu kwenye samaki. Kachumbari haikupita motoni. Sikuweza kuapa kwamba ndiyo iliyowaharisha watoto wale, lakini kati ya kaya zote alizozipitia, hadithi ilikuwa inajirudia: ama kachumbari, ama kisu, ama mtoto aliyecheza na ndoo. Tulikuwa tumemshtaki samaki, na mwenye kesi ni maji aliyokuja nayo.

Hapo ndipo kazi ya kuelimisha inapokuwa ngumu kuliko mabango yanavyoonyesha, kwa sababu "samaki wa maji machafu" si tatizo moja. Uchafu wa choo unakufa kwa moto: pika hadi nyama iachane na mfupa, tenga kisu na ubao, basi. Sumu inayotolewa na aina fulani za ule ukijani haifi kwa kuchemsha. Inakaa zaidi tumboni na kwenye ini la samaki, kwa hiyo dawa yake ni kutoa vya ndani vyote na kutupa. Risasi inayoweza kushuka na maji ya gereji, kutoka kwenye betri mbovu, nayo haiogopi moto. Hiyo hupenda mashavu, ini, figo na mifupa kuliko mnofu, kwa hiyo vile vijiperege vidogo vinavyokaangwa na kutafunwa na mifupa yake ndivyo vya kuangalia.

Zebaki ni habari nyingine kabisa, na ni vizuri nieleze kwa nini tuliiondoa mezani. Tope la chini ya maji lina bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa namna inayoingia mwilini na kukaa. Samaki mdogo anakula kidogo, mkubwa anakula wadogo wengi, na kadiri anavyozeeka anaongeza. Inajishika kwenye mnofu wenyewe. Hakuna cha kutoa, hakuna cha kukata, wala moto hausaidii, na anayelipa zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mama. Dunia iliijua kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa ulibainishwa rasmi mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba yenye maji ya kiwanda. Tanzania iliridhia mkataba wenye jina la mji huo mwaka 2020, na haikuwa kwa bure: wachimbaji wadogo wa dhahabu bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki. Ingekuwa bwawa letu liko chini ya machimbo, huko upande wa Sekenke kwa mfano, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, ushauri wote ninaouandika hapa ungekuwa mbovu. Lakini juu ya korongo letu hakuna mwalo wa kuoshea dhahabu hata mmoja. Vijana waliorudi kutoka machimboni walirudi na simu mpya na malaria.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona vipeperushi vinavyonakiliwa kutoka nchi za watu. Huko Los Angeles, sakafu ya bahari karibu na Palos Verdes ina kemikali za sumu za DDT na PCB zilizomwagwa na viwanda kwa miaka mingi, na mamlaka ya mazingira ya Marekani imekuwa ikipeleka watu magatini kuongea na wavuvi kwa lugha zao. Wanawaambia waondoe ngozi na mafuta, wale mnofu. Ni sahihi kwa pale, maana kemikali hizo hukaa kwenye mafuta. Ukiuchukua ushauri huo ukaubandika kwenye bwawa lenye zebaki, umemdanganya mtu kwa picha nzuri za rangi. Kilichonivutia kwao ni kwamba wanakwenda alipo mvuvi, na wanataja samaki gani wa kuachwa badala ya kusema samaki wote.

Sisi tulikwenda mashineni.

Mashine ya kusaga ya mtaa ule ina benchi refu chini ya mwarobaini, na Jumamosi wanawake hukaa hapo saa nzima wakisubiri zamu ya mtama na mahindi yao. Tulimwomba mwenye mashine azime injini robo saa. Tukaweka meza, sinia, perege mmoja wa kuokotwa aliyehifadhiwa kwenye barafu, na kambale mmoja mzima. Mama wa beseni la bluu nilimwomba yeye ndiye ashike kisu. Alisita, kwa sababu alijua ninajua habari ya Mtera. Sikuigusa habari hiyo.

Alimbonyeza perege kwa kidole gumba. Shimo likabaki. "Huyu alikufa zamani," akasema, si kwangu, kwa wenzake. Akafunua mashavu: kahawia, badala ya wekundu. Kisha akampasua kambale. Matumbo yalitoka na ule ukijani ndani yake, umekandamizwa kama mlenda uliolala. Watu wakasogea. Akatenga ini, akatenga nyongo, akakata kichwa, akaviweka upande mmoja wa sinia. Upande wa pili mnofu. Nikaeleza nini hukaa wapi. Dakika saba hivi. Sikuwa nimewahi kupata usikivu wa namna ile kwa kipaza sauti.

Ndipo dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria tulipokaa ofisini. "Na supu?"

Kimya. Akaendelea: mtoto wake ana miezi minane, perege ana miiba, hawezi kumpa nyama. Kwa hiyo anachemsha kichwa na mabaki, anachuja, anampa supu. Bibi mmoja akaunga mkono: hata mzazi aliyejifungua hupewa supu ya kichwa cha kambale, inaongeza maziwa. Nikahesabu haraka kichwani. Baba anakula mnofu. Watu wawili wadogo na dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba, mtoto na mama anayenyonyesha, wanapewa maji yaliyochemshiwa mashavu, mifupa na vya ndani. Na wanapewa hivyo kwa mapenzi.

Hapo niliona aibu kidogo kwa ajili ya tangazo letu. Tungeweza kulirudia mwaka mzima, supu ingeendelea kuchemka, maana kwa wengi supu haihesabiki kuwa ni "kula samaki".

Sikutaka kumwambia yule dada aache samaki, kisha niondoke tu. Karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu chini ya miaka mitano nchini amedumaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulisema asilimia 30. Kwenye sahani ya ugali wa uwele na mlenda, samaki ni kitu kikubwa, na anayemwondoa lazima aseme anaweka nini. Tulizungumza dagaa. Dagaa wa ziwani huliwa mzima, mifupa na yote, lakini ni samaki wa maisha mafupi, anakula vitu vidogo sana, hana muda wa kulimbikiza, na anatoka kwenye maji mapana kuliko dimbwi letu. Unamchambua mchanga, unamwosha, unamkausha tena, unampeleka hapohapo mashineni asagwe, kijiko kimoja kwenye uji. Mwenye mashine akasema atasaga ila baada ya mahindi yote kuisha, asije akanukisha unga wa watu. Wakacheka. Mayai, kunde na maziwa vilitajwa pia, na mama mmoja akasema kwa ukavu kwamba mayai anayo, anayauza ili anunue dagaa.

Maneno ya mwisho hatukuyaandika sisi. Yalitungwa pale kwenye benchi, yakapita mdomo kwa mdomo hadi yakakaa vizuri: *Anayeelea simwokoti. Kambale akifa, kwangu hapaingii samaki. Kichwa, mashavu na tumbo ni vya shimoni. Mjamzito na mtoto, dagaa wa ziwa.* Habari ya kisu na kachumbari ilikuwa ndefu mno kuingia humo, ikabaki kuwa kazi ya wahudumu wa afya wanaotembelea kaya. Sijui kama kuna mtu angeweza kuifupisha. Mimi nilishindwa.

Wavuvi walikuwa na neno lao, na lilikuwa la haki: katazo linaisha lini? Bwana samaki alitaka kusema "majibu yakirudi". Mzee wa nyavu akaonyesha jiwe lililoko katikati ya bwawa, wanaloliita jiwe la ng'ombe kwa sababu kiangazi ng'ombe husimama hapo kunywa. Maji yakilifunika, alisema, bwawa limebadilisha maji. Kila mtu analiona, mvuvi, mnunuzi, mtoto wa shule. Tulikubaliana hivyo: kuanzia jiwe linapotoka hadi linapofunikwa hakuna kuvua kwa ajili ya kuuza, ila kambale aliye hai kwa chakula cha nyumbani anaruhusiwa, akiandaliwa ilivyofundishwa. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu na baruti. Haisemi chochote kuhusu jiwe la ng'ombe, lakini mkutano wa mtaa uliliandika kwenye muhtasari na watu wakasaini.

Jiwe lilifunikwa mwishoni mwa Januari. Majibu ya maabara yalikuja baada ya hapo. Dawa ya wadudu haikuonekana kwenye samaki. Maji yalikuwa na vijidudu vya kinyesi kwa wingi. Tulimsomea mzee. Akasema "haya", akaendelea na wavu wake.

Wapo ambao hawakuridhika, nami ni mmoja wao. Machinjio bado yanamwaga. Gereji bado ziko pale, na risasi haiondoki kwa sababu jiwe limefunikwa. Ndiyo maana habari ya kichwa na mashavu tuliiacha iwe ya mwaka mzima. Kumfundisha mama kutupa kichwa cha samaki ni rahisi kuliko kumfundisha mwenye machinjio kuchimba karo, na kuna siku ninahisi kwamba tulichukua kazi nyepesi. Bwana afya ananikumbusha kwamba mtoto wa miezi minane hasubiri karo.

Mama wa beseni la bluu alirudi kwenye nafasi yake pembeni ya lami. Masika yote aliwaita samaki wake kwa jina la bwawa letu, kwa sauti, na akikuuzia anakutolea tumbo na kichwa kabla hujamwomba, anavitupa kwenye ndoo yenye majivu chini ya meza. Wateja wengine wanamlalamikia kwamba fungu limepungua uzito.

Novemba iliyofuata simu yangu iliita saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa yeye, anahema, nyuma yake nasikia sauti za watoto na mbwa.

"Kaka, perege wameanza kuelea. Kambale wapo, nimewaona wawili. Watoto nimewatoa majini." Akanyamaza kidogo. "Ila ujue kuna pikipiki mbili zimeshaondoka na ndoo, na huyo wa pili nimemsikia anasema anawahi basi la Mtera."